Wamepachika au wamepakia upya? Ulinganisho wa njia za kulinda video zako

Kuna wiki niliikuta video yangu moja kwenye tovuti mbili. Ni video ya dakika 11 inayofundisha kusafisha sauti iliyorekodiwa vibaya. Tovuti ya kwanza iliipanga pamoja na video nyingine za uhariri, na chini yake kulikuwa na maelezo mafupi na jina la chaneli yangu. Ya pili ilikuwa imekata ukingo wa chini wa picha, pale nembo yangu inapokaa. Aliyekata hakuangalia vizuri, maana maandishi yaliyoandikwa chini ndani ya video nayo yalipoteza miguu: kila herufi y ilibaki v, na "sauti yako" ikasomeka "sauti vako".

Kwa hasira niliwatumia wote wawili notisi ileile ya kuwataka waiondoe video, siku ileile. Tovuti ya kwanza iliiondoa video ndani ya saa chache, na nyingine zangu nne ikaziondoa bila kuombwa. Ya pili haikujibu. Mwezi uliofuata nilipofungua takwimu za chaneli, mstari wa watazamaji wanaotoka tovuti za nje ulikuwa umeshuka. Nilikuwa nimemfukuza aliyeniletea watu, na aliyeniibia nikamwacha amekaa.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na silaha, unaanza na swali: video yako imefikaje pale? Wengi huuliza ni huduma gani bora ya kuondoa video, kumbe tovuti zinazokusanya video za watu zina njia tatu tofauti za kuonyesha kazi yako: kupachika kichezaji cha jukwaa lako kwenye ukurasa wao, kuvuta faili kutoka seva yako (kompyuta inayolihifadhi), au kupakia upya nakala yao wenyewe, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya nyingine.

Jaribio la nusu dakika

Weka kishale juu ya video na ubofye kitufe cha kulia cha kipanya. Ikijitokeza menyu ya kichezaji cha YouTube au Vimeo, wamepachika. Ikijitokeza menyu ya kivinjari chako inayokupa nafasi ya kuhifadhi video, kuna faili mahali fulani, na sasa utafute ni wapi. Tovuti nyingine hufunga kitufe hicho kabisa. Hapo fungua msimbo wa ukurasa utafute neno *iframe*, alama ya kupachika, na anwani iliyo mbele yake.

| | Kupachika | Kuvuta faili kutoka seva yako | Kupakia upya |
|---|---|---|---|
| Faili limekaa wapi | Kwenye jukwaa lako | Kwenye seva yako | Kwenye seva yao |
| Watazamaji wanahesabiwa kwa | Wewe, kwa kawaida | Si kwa yeyote, ila gharama ni yako | Wao |
| Ukifuta video yako | Inapotea kwao pia | Inapotea kwao pia | Inabaki |
| Pa kuanzia | Mipangilio ya jukwaa | Mipangilio ya seva | Notisi ya kuondoa |

Mstari wa tatu ndio muhimu kuliko yote. Kama ukifuta video yako nao wanabaki na kioo cheusi, ufunguo bado uko mkononi mwako.

Kupachika: kuachia au kufunga

Ukiachia upachikaji, kichezaji kinachoonekana kwenye tovuti ya mtu ni kilekile cha jukwaa lako. Matangazo yako yanaweza kucheza humo na ukalipwa. Ukirekebisha kichwa cha video au picha yake ya jalada, mabadiliko yanafika kote. Tena YouTube ina masharti yanayokulinda bila wewe kujua: kichezaji kisiwe kidogo kuliko pikseli 200 kwa 200, kisifunikwe na kitu juu yake, na tovuti isiuze matangazo kwenye ukurasa ambao hauna kingine cha maana isipokuwa video za watu. Anayevunja hayo anavunja masharti ya YouTube, hata kama hajagusa hakimiliki yako.

Kuna kasoro moja ambayo wengi hawaijui. Maelekezo ya YouTube kwa watengenezaji wa tovuti yanasema mchezo huhesabiwa kwenye idadi rasmi ya utazamaji pale tu mtazamaji anapobofya mwenyewe kitufe cha kucheza. Tovuti iliyojaza ukurasa kwa video zinazojichezea zenyewe haikuongezei hesabu. Na kuna ubaya usiopimika kwa hesabu, yaani majirani: video yako inaweza kupangwa kando ya mambo ambayo hutaki jina lako lionekane nayo.

Kufunga ni rahisi. Kila video ndani ya YouTube Studio ina mpangilio wa kuruhusu kupachikwa. Ukiutoa, anayejaribu kuitazama kwingine anaambiwa akaitazame YouTube. Tatizo ni kwamba ni yote au hakuna. Huwezi kumruhusu mwalimu anayeitumia kwenye somo lake ukamkataa mkusanyaji. Vimeo, kwenye mipango yake ya kulipia, inakupa kitu cha katikati: unaorodhesha vikoa (anwani za tovuti) vinavyoruhusiwa, na kwingine video haichezi. Kwa anayeuza kozi au video za wanachama pekee, sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

Kwa video za wazi, mimi naachia. Sababu si ukarimu. Mtu asiyeweza kupachika lakini anaitaka video ataipakua na kuipakia upya, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Kisheria mambo haya hayako sawa kila mahali, na ndipo notisi yangu kwa tovuti ya kwanza ilipokosea. Mwaka 2012, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba nchini Marekani iliamua kesi ya Flava Works dhidi ya Gunter, mwenye tovuti ya myVidster, ambayo watumiaji wake walikusanya viungo vya video na kuzitazamia hapohapo. Jaji Posner aliona kuwa mtazamaji wa video kama hiyo hanakili chochote; alimlinganisha na mtu anayejipenyeza kwenye ukumbi wa sinema bila tiketi. Ni kosa, lakini si kukiuka hakimiliki. Mzunguko wa Tisa nao unafuata kanuni ya seva tangu kesi ya Perfect 10 dhidi ya Amazon mwaka 2007, na ikathibitishwa tena mwaka 2023 katika kesi ya Hunley dhidi ya Instagram: kama nakala haiko kwenye seva yako, wewe hujaionyesha. Jaji mmoja wa shirikisho mjini New York aliikataa kanuni hiyo mwaka 2018, kwa hiyo hata ndani ya Marekani jibu linategemea umeshtaki wapi.

Ulaya imepita njia nyingine, na kwa mtu anayechagua kati ya kuachia na kufunga, hii ndiyo habari yenye uzito. Mwaka 2014, katika kesi ya BestWater, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kupachika video iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni, peke yake, si kuiwasilisha upya kwa umma. Mwaka 2021, katika kesi ya VG Bild-Kunst, mahakama hiyohiyo ikaongeza sharti: mwenye haki akiwa ameweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya upachikaji, anayekikwepa anahitaji ruhusa. Kizuizi hicho lazima kiwe cha kweli. Kuandika tu chini ya video kwamba hutaki ipachikwe hakutoshi. Kwa maneno mengine, huko Ulaya ule mpangilio mdogo wa kuruhusu au kukataa una uzito wa kisheria. Aliyeuacha wazi amepunguza haki ya kulalamika, na aliyeufunga ameiongeza.

Kuvuta faili

Hili linawahusu wanaohifadhi video kwenye seva zao wenyewe. Tovuti nyingine inaelekeza kichezaji chake kwenye faili lako moja kwa moja, watazamaji ni wao, bili ya data ni yako. Usipoteze muda kuandika barua. Tumia viungo vilivyosainiwa vinavyokwisha muda baada ya saa chache, na iambie seva ikatae maombi yanayotoka vikoa usivyovijua. Faili la robots.txt usilitegemee kwa hili. Ni ombi kwa roboti zenye adabu, halifungi mlango.

Kupakia upya: barua, notisi, mashine au kesi

Hapa ndipo haki yako haina utata. Hakimiliki huzaliwa video inapotengenezwa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki usajili wala alama ya ©. Kilichobaki ni kuchagua njia.

Barua ya kawaida hudharauliwa, lakini ndiyo ninayoijaribu kwanza kama tovuti ina mtu nyuma yake: jina, anwani ya barua pepe, kitu cha kupoteza. Wengi wanaamini kwamba kuandika "video ni ya fulani" kunatosha. Kutaja jina ni adabu, si ruhusa, na hilo unaweza kulieleza kwa sentensi mbili. Faida ya barua ni kwamba inaweza kugeuza wizi kuwa makubaliano: aondoe nakala yake, apachike ya kwako. Hasara ni kwamba mwizi halisi anapata muda wa kuhamisha faili. Kabla ya kuandika, piga picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa.

Notisi ya kuondoa chini ya sheria ya Marekani ya DMCA, ya mwaka 1998, ndiyo nyundo ya kila siku. Haihitaji wakili. Unaitaja kazi yako, unatoa anwani kamili ya nakala, unaweka mawasiliano yako, unatamka kwamba kwa nia njema unaamini matumizi hayo hayaruhusiwi, unathibitisha kwamba maelezo ni sahihi na, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka ya kudai, kisha unasaini, hata kwa saini ya kielektroniki. Tovuti ikikaa kimya, peleka kwa kampuni inayoihifadhi, na kwa injini ya utafutaji ili ukurasa huo utoke kwenye matokeo. Mara nyingi hili la mwisho linauma zaidi, maana tovuti za kukusanya huishi kwa wageni wanaotoka kwenye utafutaji.

Nyundo hii ina ncha mbili. Aliyepakia anaweza kupeleka pingamizi, na usipofungua kesi, video hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Ukidai kwa uongo huku ukijua, unaweza kulipishwa fidia. Na unatakiwa kupima kwanza kama matumizi yale ni matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila idhini yako. Mahakama ilisema hivyo mwaka 2015 katika kesi ya Lenz dhidi ya Universal. Mtu aliyechukua sekunde 20 za video yako ili kuikosoa si sawa na aliyeichukua nzima. Jambo jingine ambalo huwashtua wengi: notisi zinazopelekwa Google huishia kwenye hifadhi ya umma ya Lumen, na jina la mdai linaweza kuonekana. Kama unaficha jina lako halisi, dai kupitia kampuni au wakala.

Nakala ikiwa ndani ya majukwaa makubwa, kuna mashine. Content ID ya YouTube, iliyoanza mwaka 2007, inalinganisha kila video inayopakiwa na hifadhi ya wenye haki, na inakupa machaguo matatu: kuzuia, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu tu. Lakini haifunguliwi kwa kila mtu. Inalenga wenye hazina kubwa ya kazi. Wengi wetu tunaangukia Copyright Match Tool, inayotafuta nakala kamili au karibu kamili ndani ya YouTube. Hii inategemea kwamba wewe ndiye uliyepakia wa kwanza. Kwa hiyo ukitaka video iende kwenye majukwaa matano, anza na YouTube. Ukiikuta nakala, unaweza kuomba iondolewe mara moja au umpe aliyepakia siku 7 aiondoe mwenyewe. Video yake ikiondolewa kwa dai lako anapata onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuzima chaneli yake. Siku 7 nawapa wale ambao chaneli zao zina kazi zao wenyewe pia. Chaneli ambayo yote ni ya watu siipi hata saa. Facebook nao wana Rights Manager, tangu 2016, kwa kazi inayofanana.

Udhaifu wa mashine zote hizi ni kwamba kila moja inaona nyumba yake tu. Ile tovuti iliyonikata herufi y haikuwa ndani ya jukwaa lolote, na hakuna mashine ambayo ingeiona.

Kesi ni ya mwisho, na kwa wengi haifai. Marekani, bila kusajili kazi mapema hupati fidia ya kisheria, ile ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi, au hadi 150,000 ukiukaji ukiwa wa makusudi; unabaki kuthibitisha hasara yako kwa senti. Tangu Juni 2022 kuna Copyright Claims Board, baraza dogo la madai ambapo unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, kikomo kikiwa dola 30,000. Kasoro yake ni kubwa: mshtakiwa ana siku 60 za kujitoa, na akijitoa shauri linaisha hapo. Anayejua mchezo atajitoa. Baraza hilo linafaa pale mshtakiwa ni biashara ya kweli iliyoko Marekani, isiyotaka kwenda mahakama ya shirikisho kwa ajili ya video moja.

Kutoa ruhusa mwenyewe

Watu huisahau njia hii kwa sababu haionekani kama ulinzi. Lakini mkusanyaji mwenye leseni ana masharti, na mwenye masharti unaweza kumshika.

Leseni za Creative Commons ni za bure na zinaeleweka, ila usizichague kwa hisia. YouTube inakupa aina moja tu, CC BY, inayomruhusu mtu yeyote kupakia upya, kukata na kuweka matangazo mradi akutaje. Na huwezi kuirudisha nyuma: ukibadilisha leseni kesho, aliyechukua jana anabaki na haki yake. Ukitaka kuzuia biashara na kukatwakatwa, kuna CC BY-NC-ND, lakini hiyo utaitangaza kwenye tovuti yako au kwenye maelezo ya video. Toleo la 4.0 la leseni hizi lina kipengele ninachokipenda: aliyevunja masharti akirekebisha ndani ya siku 30 tangu alipogundua kosa, leseni yake inarudi yenyewe. Kinapunguza ugomvi.

Makubaliano ya maandishi ni bora kama tovuti ina wageni wengi. Yawe yasiyo ya kipekee, yenye muda, yenye kiungo cha kurudi kwako juu ya video wala si chini kabisa ya ukurasa, na yataje nini kinatokea siku ya kuachana. Jihadhari na ujumbe unaokuja kwenye maoni: "Tunaipenda video hii! Tunaweza kuitumia? Jibu NDIYO." Mara nyingi una kiungo cha masharti kando yake, na masharti yenyewe yanasema milele, duniani kote, pamoja na haki ya kuwapa wengine. Kwa neno moja la furaha unakuwa umewapa ruhusa wakusanyaji mia usiowajua.

Basi nani achague nini

Anayetafuta watazamaji: achia upachikaji, haki zote zibaki zako, na tumia notisi kwa nakala zilizopakiwa upya tu. Anayeuza video: vikoa vilivyoorodheshwa au viungo vilivyosainiwa, na kila nakala inayovuja itolewe notisi siku hiyohiyo. Anayetaka somo lake lisambae hata bila yeye: CC BY, na akubali kuwa siku moja ataiona na matangazo ya mtu mwingine juu yake.

Nembo nimeihamisha. Sasa inakaa ndani ya picha, karibu na mikono inayofanya kazi, ambapo ukiikata unakata na somo. Tovuti ya pili iliondoa video yangu baada ya notisi kwenda kwa kampuni iliyokuwa ikiihifadhi; ilichukua siku sita. Yule wa kwanza nilimwandikia nikamwambia nilikosea, apachike atakavyo. Hakujibu, na kwenye ukurasa wake, pale video yangu ilipokuwa, kuna ya mtu mwingine.